Ahadi ni Deni, Lakini Nani Anadaiwa?

Aliyewahi kufika Marangu wakati wa masika anajua ninachotaka kusema. Unaambiwa umesimama chini ya mlima mrefu kuliko yote Afrika, mita 5,895, unainua macho na kuona wingu. Unalala, unaamka, wingu. Shemeji yangu, mtu wa Mwanza, alikaa kwetu siku tatu za mwezi wa nne na siku ya kuondoka akamtania mama: "Mama, huo mlima wenu naona mnausimulia tu." Mama alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kisha akamuuliza, "Baba, na maji uliyooga jana yalitoka wapi?"

Kwa miaka mingi nilikitumia kisa hicho kila nilipoulizwa imani ni nini. Nimekitumia shule ya Jumapili, nimekitumia kwenye harusi, nimekitumia hata kubishana na rafiki zangu wasioamini. Siku hizi nimeacha. Nimeacha kwa sababu mama alikuwa ameuona mlima asubuhi zisizo na idadi. Siku zile tatu hakuwa anaamini kitu asichokiona. Alikuwa anakumbuka kitu alichokiona. Ni mambo mawili tofauti. Ahadi ya Mungu haifanani na mlima uliojificha nyuma ya wingu, maana mlima tuliuona juzi na kesho kutwa tutauona tena. Ahadi inahusu kitu ambacho bado. Na mara nyingine mtu anaondoka duniani, bado.

Nataka kuandika juu ya hiyo "bado". Mimi si mwanateolojia. Naandika kama mtoto wa kwanza wa mwanamke aliyekufa akisubiri.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliondoka nyumbani mwaka 2004 kwenda Afrika Kusini kutafuta maisha. Alipiga simu kila mwezi, halafu kila baada ya miezi mitatu, halafu mwaka 2007 simu zikakatika. Tuliuliza kwa waliorudi. Mmoja alisema amemwona Durban, mwingine akasema Cape Town, wa tatu akasema tusiulize. Mpaka leo ninapoandika hatujui kama yu hai.

Kwa desturi ya Wachaga kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba kinachoizunguka. Sisi wakubwa tunapewa sehemu zetu tunakwenda. Yeye anabaki kuwatunza wazee, na wakishaondoka, pale ni pake. Kwa hiyo aliyepotea kwetu si mtoto tu. Ni mwenye nyumba. Mama aliishi miaka 12 ndani ya nyumba ya mtu asiyejulikana alipo, akimtunzia.

Mwaka 2009 alikuja mhubiri mgeni, akafunga turubai uwanjani na maspika makubwa. Jioni ya tatu akamwita mama mbele. Akamwambia Bwana amemwonyesha kijana aliye mbali, na kwamba kijana huyo atavuka mlango wa nyumba ndani ya siku arobaini. Kilichotakiwa ni imani, na imani ionyeshwe kwa sadaka ya mbegu. Mama aliuza ndama. Hakutuambia. Mimi nilikuwa Dar es Salaam na sikujua lolote mpaka siku ya arobaini na moja, aliponipigia simu analia na kusema maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, nimekosa imani. Ningeamini vizuri angekuja."

Nimepitia mambo mengi ya kuniudhi maishani, lakini sikumbuki hasira kama ile. Yule bwana alikuwa ameshafungua turubai lake na kwenda zake. Ahadi alitoa yeye, sadaka alikula yeye, na deni akamwachia mama.

Hapo ndipo swali lilipoanza kunisumbua. Wahenga wetu wamesema ahadi ni deni. Ni methali tunayoitumia kumbana mtu aliyesema atakuja na hakuja. Sasa ukimwambia Mkristo kwamba Mungu ametoa ahadi, maana yake nini kwa methali hiyo? Mungu anadaiwa? Na kama anadaiwa na siku zinapita, tumwitaje? Je, kuendelea kumwamini ni fadhila, au ni ule ujinga wa mtu anayemkopesha kila mwezi jirani asiyelipa?

Ngoja nianze na neno lenyewe. Kuna utabiri na kuna ahadi, na watu wengi tunavichanganya. Mamlaka ya hali ya hewa ikisema kesho mvua itanyesha, hiyo si ahadi. Ukitaka kujua kama uiamini, unaangalia vipimo vyao, unaangalia walipatia mara ngapi mwezi uliopita. Baba akimwambia mtoto, "Ukitoka shule nisubiri getini, nitakuja," hiyo ni ahadi. Mtoto pale getini hana vipimo. Barabara ni tupu, wenzake wamekwisha kuondoka, mvua imeanza. Akiangalia barabara peke yake, ushahidi wote unasema baba haji. Kama anaendelea kusubiri, hasubiri kwa sababu ya barabara. Anasubiri kwa sababu anamjua baba.

Kwa hiyo ahadi huipimi kwa kuangalia upande inakotokea. Unaipima kwa kumjua aliyeitoa. Ukisema "siamini kwa sababu sioni chochote kinachokuja", umeijibu kama vile ni utabiri. Lakini nami nikikwambia "amini tu" bila kukuonyesha ni nani aliyeahidi, nimekudanganya, maana wapo akina baba wasiofika. Wapo watoto waliokaa getini mpaka mlinzi akawapeleka kwake. Imani haigeuki kuwa nzuri kwa sababu ni imani. Inategemea imewekwa kwa nani.

Lugha yetu inalijua hili kuliko sisi tunavyojua. Imani, amana na amini ni ndugu wa shina moja, walitufikia kutoka Kiarabu. Amana ni kitu unachomkabidhi mtu akutunzie. Humkabidhi kwa sababu unaona ndani ya sanduku lake. Unamkabidhi kwa sababu unamjua. Halafu tunalo neno agano, ambalo ndilo lililopewa kazi ya kutaja sehemu mbili za Biblia. Linatoka kwenye kuagana. Sasa kuagana ni kupatana, na kuagana ni kuachana njiani, kila mtu na safari yake. Nimelifikiria sana neno hilo. Watu wanaopatana huwa wapo wote wawili hapo. Uzito wa mapatano unaanza pale mmoja anapoondoka machoni pa mwenzake. Nadhani waliotumia kitenzi kimoja kwa mambo hayo mawili walikuwa wameshawahi kusubiri mtu.

Maswali basi ni mawili: nani ameahidi, na amesema nini hasa? Yule mhubiri aliharibu la pili. Nimepekua Biblia yangu, sijaona mahali Mungu alipomwahidi mama yangu siku arobaini. Kilichokuwepo ni haja ya mama, haja halali kabisa, kubwa kuliko mlima, na mtu akaja akaivisha joho la ahadi. Ndipo ilipokuja hesabu mbaya kuliko zote: imani nyingi, majibu ya haraka, hakuna majibu, hakuna imani.

Hesabu hiyo haipatani na kitabu wanachokihubiri. Waebrania sura ya 11 ndiyo sura tunayoikimbilia tukitaka kusifu imani. Inawataja Habili, Henoko, Nuhu, Ibrahimu, Sara, Musa, mpaka Rahabu. Tunaisoma kwa sauti kubwa, halafu tukifika mwishoni tunapunguza sauti. Maana mwandishi anafanya jambo la ajabu: anataja waliookoka makali ya upanga kwa imani, na mistari michache baadaye anataja waliouawa kwa upanga, nao kwa imani. Upanga ule ule, imani ile ile, mmoja kapona na mwingine kazikwa. Na juu ya wale wazee wa kwanza anasema waziwazi kwamba walikufa bila kuzipokea zile ahadi. Waliziona kwa mbali tu na kuzisalimu, kama abiria anayepunga mkono kutoka dirishani. Aliyeandika sura hii hakuwa anauza mbegu. Mfanyabiashara hawezi kuweka vifo kwenye tangazo lake.

Mmojawapo ni Ibrahimu. Kaahidiwa nchi nzima, uzao kama nyota. Mwanzo 23 inatuambia alichokuwa nacho mkononi uzeeni: Sara amekufa, na hana hata pa kumzika. Anakwenda kwa Wahiti, anainama mbele yao, anapatana bei na Efroni, na kulipa shekeli 400 za fedha kwa shamba la Makpela na pango lililomo. Hiyo ndiyo ardhi yake ya kwanza katika nchi aliyoahidiwa: kaburi. Tena kalinunua, tena kwa bei ambayo hakuipunguza hata senti.

Sisi wa Uchagani tunaielewa sura hiyo vizuri kuliko wafafanuzi wengi. Kwetu tunazikwa kihambani, katikati ya migomba. Kabla ya hati za serikali, kaburi ndilo lililokuwa hati. Ukitaka kujua shamba ni la nani, unauliza nani amelala hapo. Ibrahimu alikuwa mgeni mpaka siku alipozika.

Na kuna mwingine aliyeanza hivyo, katika pwani yetu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine, na siku chache baadaye binti yao mchanga, ng'ambo ya kisiwa. Aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo wasilichukue kama habari ya kushindwa. Walione kuwa alama kwamba kazi imeanza. Mwaka huo huo alikuwa ameanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Fikiria: Mwislamu msomi na Mlutheri kutoka Ujerumani wamekaa pamoja wakitafuta maneno ya kumtaja Ibrahimu, ambaye wote wawili wanamwita baba.

Miaka miwili baadaye akaja Johannes Rebmann, na wakaanzisha kituo Rabai. Huyu ndiye aliyekuja mpaka kwetu. Tarehe 11 Mei 1848 aliona kitu cheupe juu ya mlima. Alimuuliza kiongozi wake wa njia ni nini kile, akajibiwa neno moja: baridi. Taarifa ilipofika London, mtaalamu wa jiografia aitwaye William Desborough Cooley aliikataa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika, lakini alikuwa na vitabu vingi, na kwa miaka mingi neno lake lilikuwa na uzito kuliko macho ya Rebmann. Mpaka Karl Klaus von der Decken alipopanda sehemu ya mlima mwaka 1861 na 1862 na kuthibitisha kwamba ile nyeupe ni theluji kweli.

Wahubiri wetu wanakipenda kisa hiki. Wanamfanya Cooley kuwa asiyeamini na Rebmann kuwa mwenye imani. Lakini angalia vizuri: kuhusu theluji Rebmann hakuhitaji imani. Aliiona. Imani yake ilihitajika mahali pengine. Hakuja Afrika Mashariki kutafuta theluji. Alikuja kuhubiri, na aliishi Rabai miaka 29, na waliobatizwa katika miaka hiyo walikuwa wachache sana. Alifiwa na mkewe. Akapoteza macho. Alirudi Ulaya mwaka 1875 akiwa kipofu, akiongozwa na Isaac Nyondo, na mwaka 1876 akafa. Kamusi ya Kinyasa aliyoikusanya ilichapwa mwaka 1877, chini ya uangalizi wa Krapf. Krapf naye alikufa 1881, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka 1882. Mtu aliyeionyesha dunia mlima wetu alikufa haoni hata mkono wake mwenyewe, na wote wawili hawakuvishika vitabu walivyovitolea jasho.

Najua utasema nini. Utasema, lakini tazama leo: mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame, na sasa kila mteremko wa Kilimanjaro una kanisa na kengele yake. Ahadi imetimia! Ningependa kusema hivyo, lakini dhamiri hainiruhusu kulisema kirahisi. Leipzig hawakuja peke yao. Waliingia katika nchi iliyokuwa tayari chini ya bendera ya Mjerumani, na utawala huo ndio uliomnyonga Mangi Meli pale Moshi mwaka 1900. Babu yangu alibatizwa na watu waliosema lugha ya walionyonga. Nikisema "Mungu alitimiza" na nisiutaje mti ule, nitakuwa nafanya kama yule mhubiri: nahesabu mavuno na kuficha gharama. Ninachoweza kusema ni kidogo: kwamba kitu kilichokuwa ndani ya Rebmann hakikuhitaji mavuno ili kiwe cha kweli. Kingekuwa cha kweli hata kama Leipzig wasingekuja kamwe.

Hapo msomaji makini ananisimamisha, na ana haki. "Ndugu, ahadi ambayo inaweza isitimie mpaka ufe, haiwezi kamwe kuonekana kuwa ya uongo. Si hiyo ndiyo sifa ya utapeli uliokamilika? Mkopeshwaji anayesema atalipa baada ya mazishi yako." Sina jibu la kulifuta swali hilo, na simwamini mtu anayesema analo. Waliosoma Kichwamaji ya Kezilahabi wanamkumbuka Kazimoto, aliyeuliza na kuuliza mpaka akajiua. Namheshimu mwandishi aliyekataa kutupa faraja ya bure. Kijana akiuliza kama Kazimoto, kumwambia "usiulize, amini" ni kumfungia mlango.

Ninachoweza kutoa ni kipimo kimoja, si cha uhakika, lakini kimenisaidia. Uongo unakuomba ufumbe macho. Yule bwana wa turubai alimtaka mama asihesabu, asiulize watoto wake, asimuone ndama akiondoka. Ahadi ya kweli inakuacha macho wazi kabisa na bado inakutuma kufanya kazi. Yeremia alinunua shamba la Anathothi kutoka kwa binamu yake Hanameli kwa shekeli 17 wakati jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu. Hakujifanya kwamba jeshi halipo; yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema mji utaanguka, na kwa maneno hayo walikuwa wamemfunga. Alipima fedha, akaandika hati, akaita mashahidi, akamwambia Baruku aitie kwenye chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Mji ukaanguka kama alivyosema. Hati ikabaki kwenye chungu. Huyu hakujidanganya. Alijua bei ya soko, akalipa.

Mama naye alifika hapo, polepole. Baada ya zile siku arobaini alikaa miezi hataki kwenda kanisani. Kisha siku moja akaniambia kwenye simu, kama mtu anayezungumzia bei ya mbegu, "Nimegundua nilichanganya. Nilidhani Mungu ameniambia atarudi. Mungu hajaniambia hivyo. Ameniambia mtoto hatatoka mkononi mwake. Kama ni Durban, kama ni kaburini, hatatoka. Hilo ndilo aliloliahidi, na hilo sitaliona." Nikamuuliza, "Sasa linakusaidia nini, mama?" Akasema, "Linanisaidia kupalilia."

Na kweli alipalilia. Kihamba cha mdogo wangu hakikuwahi kuota majani. Alikata migomba iliyozeeka, akaweka samadi, akafungulia mfereji siku ya zamu yake. Ndizi akawapa wajane wawili wa jirani. Hakuacha kuomba kwamba arudi. Aliacha tu kuiita haja yake ahadi. Tangu hapo sikumsikia tena akisema amekosa imani.

Mwaka 2019, siku chache kabla hajafa, alinishika mkono hospitalini. "Sehemu ya mdogo wako msiiuze." Nikasema, "Sawa, mama." Nilisema kama tunavyowaambia wagonjwa sawa. Akafumba macho, akalala vizuri.

Desemba ile tulipokusanyika nyumbani, kama Wachaga wote wanavyokusanyika, mnunuzi alikuwa ameshakuja mara mbili. Bei ilikuwa nzuri kupita kiasi. Barabara ya lami imefika, watu wanataka kujenga. Mimi nilikuwa na madeni, nina watoto wawili chuoni. Kama mtoto wa kwanza neno langu ndilo lingeamua. Na nilikuwa tayari kuamua kuuza. Hoja zangu zote zilikuwa sahihi: miaka 12 kimya, mama hayupo, hakuna atakayejua.

Ni hayo maneno ya mwisho yaliyonikamata. Hakuna atakayejua. Usiku ule sikulala. Miaka yote nilikuwa nimeliuliza swali la ahadi kutoka upande mmoja, upande wa mtoto aliye getini. Sasa nilikuwa upande wa pili. Mimi ndiye baba. Mama alikuwa amelala kaburini kihambani, hatua thelathini kutoka kitanda changu, na alikuwa ameniamini kwa jambo ambalo hataliona. Kama ningetimiza, hataona. Kama ningeuza, hataona. Kwa upande wake barabara itakuwa tupu daima. Je, kwa kuwa hataona kamwe, ahadi yangu ni ya uongo? Je, alikuwa mjinga kuniamini? Jibu halikuwa kwake. Lilikuwa kwangu. Ukweli wa imani yake ulikuwa umewekwa kama amana mikononi mwa aliyeahidi.

Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Niliona tu kwamba lile swali langu la miaka mingi, "mbona haonekani akitimiza?", haliwezi kujibiwa na anayesubiri. Anayesubiri anaweza kuuliza tu huyu aliyeahidi ni wa namna gani. Mkristo anapoulizwa hivyo hana ramani ya kesho. Ana hadithi ya mtu aliyesulubiwa kati ya wahalifu wawili na hakushuka, na anasema: huyu ndiye. Unaweza kuikataa hadithi hiyo. Wengi wenye akili wameikataa. Lakini ukiikubali, umekubali mtu, hujapewa tarehe.

Asubuhi nikawaambia ndugu zangu hatuuzi. Kulikuwa na maneno. Ada za mwaka ule nilizilipa kwa mkopo wa benki ambao umeniuma mpaka mwaka jana. Sikupata muujiza wa fedha, naomba niseme hivyo wazi, kwa sababu makala za namna hii huwa zinaishia kwa muujiza wa fedha.

Kihamba analima sasa mjane wa binamu yetu, anasomeshea watoto. Tumepanda masale mpakani upya, maana yale ya zamani yalikuwa yameng'olewa na mifugo, na mpaka usio na masale kwetu ni mwaliko wa ugomvi. Dada yangu, yule wa Mwanza, aliniuliza Desemba iliyopita tukiwa tumekaa barazani: "Kaka, tutaishikilia hiyo sehemu mpaka lini?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Na akiwa amekufa?" Nikamwambia basi tutakuwa tumemtunzia marehemu shamba, na wajane watakuwa wamekula ndizi.

Akanyamaza kidogo. Kisha akainuka kwenda kuangalia chakula jikoni, na mimi nikabaki pale. Ilikuwa saa kumi jioni na wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba.